Kumpokea Anayetoka Gerezani: Mwongozo Kamili kwa Jumuiya za Dodoma

Mtu aliyemaliza kifungo Gereza Kuu la Isanga kwa kawaida hutoka asubuhi, na kimfuko mkononi. Wapo wanaosubiriwa na mama, mke au kaka. Wapo wanaosimama pale nje wakitazama barabara kama abiria aliyeshushwa stendi ya mji asioujua. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya hawa wa pili, na kwa ajili ya jumuiya ndogondogo za Kikatoliki zinazotaka kuwapokea.

Parokia zetu nyingi huenda gerezani Kwaresima na kabla ya Noeli. Tunabeba sabuni, tunaadhimisha Misa, tunaimba, tunaagana kwa machozi. Ni tendo la huruma kweli. Lakini kijana tuliyempa sabuni Kwaresima nimemkuta mwezi wa nane amelala kwenye kibaraza cha duka, upande wa Sabasaba, na kati yetu hakuna aliyejua kwamba ametoka. Tangu siku ile kikundi chetu kiligeuza utaratibu. Tunaanza na tarehe ya kutoka, tunarudi nyuma miezi mitatu kujiandaa, kisha tunamfuata mtu hadi nyumbani kwake.

Undeni timu ndogo, na ibaki ndogo

Watu sita hadi wanane wanatosha. Awepo mmoja wa WAWATA (chama cha wanawake Wakatoliki) anayejua kuongea na akina mama wa kijijini, mwanaume wa makamo anayeheshimika, kijana wa VIWAWA (chama cha vijana Wakatoliki) mwenye pikipiki au anayezijua njia, mtunza daftari, na mtunza fedha asiyekuwa mtunza daftari. Mkimpata muuguzi au afisa ustawi wa jamii mstaafu, mshukuruni Mungu.

Mtu asiyeweza kunyamaza msimweke kwenye timu hii, hata kama anasali kuliko wote. Habari za mfungwa zikishafika kwenye bomba la maji, kazi ya miezi mitatu imekwisha. Msimweke pia anayekuja kutafuta waongofu. Mtawahudumia Waislamu, Waanglikana na wasio na dini, na msaada wenu usiwe na sharti la kuja kanisani. Anayetaka padre ataomba mwenyewe, tena wengi huomba.

Mkishakubaliana, nendeni kwa paroko. Barua ya kuomba kuingia gerezani itoke parokiani, iwe na muhuri, majina ya wahudumu na namba za vitambulisho vyao, na ielekezwe kwa mkuu wa gereza. Ulizeni pia ofisi ya jimbo ya Caritas, shirika la misaada la Kanisa, kuhusu padre anayehudumia magereza, ili msije mkawa kikundi cha nne kinachogonga mlango uleule kila kimoja kwa wakati wake. Jumuiya ikijiendea yenyewe bila barua hurudishwa langoni, na askari anayewarudisha anafanya kazi yake.

Mkiwa ndani

Vaeni mavazi ya heshima. Simu, fedha na vitu vyenye ncha viacheni nyumbani au pale mtakapoelekezwa. Mtakaguliwa, kubalini kwa utulivu. Msipokee barua ya kupeleka nje kwa siri wala msiingize hata sigara moja, maana kosa la mmoja linaifunga huduma ya wote. Vitu vinavyohitajika daima ni sabuni za mche, miswaki, dawa ya meno, kandambili, na kwa wanawake taulo za kike. Gerezani wapo pia watoto wachanga walio na mama zao, kwa hiyo kumbukeni nguo za watoto. Kila kitu kipite kwa askari wa zamu na kiandikwe.

Usimuulize mtu kosa lake. Akitaka atakuambia, na ukimsikiliza bila kushtuka umempa kitu ambacho pengine hakukipata tangu akamatwe. Swali lenu la kwanza liwe: "Unatarajia kutoka lini, na utakwenda wapi?" Jibu la nusu ya pili ndilo kazi yenu yote.

Tarehe inahitaji kueleweka. Chini ya Sheria ya Magereza ya mwaka 1967, mfungwa mwenye bidii na tabia njema hupunguziwa theluthi moja ya kifungo. Aliyehukumiwa miaka 3 kwa kawaida hutoka baada ya miaka 2. Wa miezi 18 hutoka baada ya miezi 12. Punguzo hilo linaweza kupotea kwa makosa ya nidhamu, na wa kifungo cha maisha hesabu hii haimhusu. Kuna pia parole, yaani kuachiwa kabla ya muda, yenye masharti yake ya kuripoti. Na kuna msamaha wa Rais, anaoutoa kwa mamlaka ya Ibara ya 45 ya Katiba, mara nyingi katika sherehe za Muungano tarehe 26 Aprili au za Uhuru tarehe 9 Desemba. Msamaha hauwangoji mjiandae. Wiki ya kwanza ya Desemba timu yetu huwa tayari na nguo, nauli na watu wawili wa zamu, msamaha utangazwe usitangazwe.

Mahabusu wana shida yao ya pekee. Mtu huyu hajahukumiwa. Kesi ikifutwa au dhamana ikipatikana, mchana uleule yuko nje, akiwa na shati alilokamatwa nalo. Kwao hamwezi kupanga tarehe, kwa hiyo waachieni wote namba ya simu ya timu na jina la parokia, waikariri kichwani. Karatasi hupotea.

Miezi mitatu kabla: nendeni kwao

Hapa ndipo tunapotumia nguvu nyingi kuliko kokote, na hapa ndipo ninapowasihi msikimbie.

Mfungwa anawapa jina la kijiji, jina la mzazi, labda namba ya simu iliyokwishafungwa. Tafuteni katekista wa kigango cha huko, yaani tawi la parokia. Ndiye atakayejua nyumba, hata kama familia si ya Kikatoliki. Baada ya katekista, pigeni hodi kwa mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa kabla ya kufika kwa familia. Mkimruka mwenyekiti, siku mtu anarudi atasema hakuwahi kuambiwa, na atakuwa na haki.

Kwa familia nendeni wawili, mwanamke na mwanaume, bila gari la parokia lenye maandishi ubavuni. Kaeni, pokeeni maji, ulizeni habari za mvua na mifugo. Msianze na "tumetumwa na mwanenu". Tulienda hivyo kijiji kimoja cha Chamwino kwa mzee ambaye kijana wake alifungwa kwa wizi wa ng'ombe wa jirani. Siku ya kwanza mzee alisema, "Mimi sina mtoto gerezani," akaendelea kusuka kamba. Tukaaga kwa adabu. Mara ya pili mama wa kijana alitusindikiza hadi njiani, akauliza kwa sauti ya chini kama mwanawe bado anakohoa. Mara ya tatu mzee mwenyewe aliuliza, "Mwenye ng'ombe mmeongea naye?"

Swali la mzee lilitufundisha utaratibu. Familia nyingi hazikatai mtoto. Zinaogopa kuishi na aibu mbele ya aliyeumizwa, ambaye wanachota naye maji kisima kimoja. Kwa hiyo mfikieni pia aliyeumizwa. Msimwombe asamehe. Mwambieni kwamba mtu atarudi tarehe fulani, muulizeni ana hofu gani na anataka nini, mkae kimya mumsikilize. Kama anadai fidia, hilo ni la wazee wa pande mbili na mwenyekiti. Ninyi muwe mashahidi, msiwe waamuzi wala walipaji. Yule jirani alitaka jambo moja: kijana asipite kwenye zizi lake usiku. Tukalipeleka gerezani, kijana akakubali, tukalirudisha. Alipofika nyumbani sharti lilikuwa linajulikana kwa wote, na hakuna aliyehitaji kupigiana kelele.

Kuna makosa ambayo hayapatanishwi hivi. Kama mtu alifungwa kwa kumdhuru mtoto au kwa ukatili wa nyumbani, msimrudishe kwenye nyumba yenye mtoto yule au mke yule, hata familia ikiomba na hata yeye akilia. Ongeeni kwanza na ustawi wa jamii wa halmashauri na dawati la jinsia na watoto la polisi, na mtafutieni mahali pengine. Huruma yenu kwake isilipwe na mtu aliyekwisha kuumia.

Wanawake hukutana na ugumu mwingine. Mume ameoa, watoto wamegawanywa kwa shangazi, na yeye hana nyumba ya kuitwa kwake. Anzeni na dada zake na mama yake mdogo kabla ya kwenda kwa mume, na muulizeni aliyefungwa mwenyewe anataka kurudi wapi. Mara mbili tulidhani tunajua, na mara zote mbili tulikosea.

Dawa na karatasi

Wiki mbili kabla ya kutoka, mwambieni mtu mwenyewe aulizie zahanati ya gereza. Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI anahitaji barua ya uhamisho kwenda CTC (kliniki ya tiba na matunzo) iliyo karibu na kwao, pamoja na kadi yake. Anayetumia dawa za kifua kikuu asikatishe hata siku moja. Matibabu ya kawaida ni miezi sita na hutolewa bure, lakini kituo kipya lazima kijue yuko wiki ya ngapi. Hali ya afya ni siri yake. Tunachouliza ni kimoja tu: "Je, kuna dawa unayopaswa kuendelea nayo?" Akisema ipo, hatumuulizi jina la ugonjwa, tunahakikisha barua ipo mfukoni.

Hapa Dodoma jina Isanga hubeba mambo mawili, na wageni huyachanganya. Mbali na gereza kuna Taasisi ya Isanga, iliyo chini ya Hospitali ya Afya ya Akili Mirembe, inayowatunza wagonjwa waliofikishwa huko kwa njia ya mahakama. Anayetoka huko anahitaji ndugu mmoja aliyefundishwa na wauguzi namna ya kumpa dawa na dalili za kuangalia. Mpelekeni ndugu huyo hospitalini kabla ya siku ya ruhusa. Kwa waliozoea heroini, kituo cha Itega kilicho chini ya Mirembe hutoa tiba ya methadoni.

Kuhusu karatasi, hati ya kuachiwa aitunze kama roho yake, mtoe nakala mbili. Kitambulisho cha taifa (NIDA) kama kilipotea, anzeni na taarifa ya upotevu polisi na barua ya serikali ya mtaa. Bila NIDA hasajili laini ya simu, na bila simu mtampoteza.

Siku ya kutoka

Watu wawili wafike mapema, mmoja wao awe anayejulikana kwake. Bebeni suruali au gauni la saizi yake (ulizeni mapema), kandambili, chupa ya maji, na simu yenye salio. Msipige picha. Msiwe na fulana za kikundi. Mtu aliyeitwa kwa namba miaka mitano hahitaji bango.

Utaratibu wetu ni huu: anavaa, anakunywa chai, anapiga simu nyumbani, ndipo tunaongea. Chai iwe na sukari ya kutosha na chapati au mihogo, mahali penye watu wachache. Wengine hutetemeka kuvuka barabara. Bodaboda zimeongezeka, mji umepanuka, na aliyeingia ndani zamani hajawahi kuiona stendi ya Nanenane wala treni ya umeme. Mshike mkono kama unavyomshika mzazi.

Tiketi nunueni wenyewe, mkononi apewe fedha kidogo ya chakula cha njiani. Wa Kondoa, Mpwapwa, Manyoni au Singida asafiri siku ileile ikiwezekana, kwa sababu usiku wa kwanza mjini una marafiki wa zamani. Kama safari ni ndefu, mhudumu mmoja aende naye. Gharama hii msiionee uchungu. Kati ya fedha zote tulizotumia, nauli ya msindikizaji ndiyo iliyozaa matunda zaidi.

Na asiende mikono mitupu. Mkoa wetu una msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na Januari hadi Machi ghala za vijijini huwa zimebaki vumbi. Anayeachiwa kwa msamaha wa Desemba anafika nyumbani wakati sufuria tayari haitoshi. Kabla hajasalimia, yeye ni mdomo mmoja zaidi. Mpeni debe la unga wa mtama au wa mahindi, maharage kilo tano, mafuta ya alizeti, chumvi, jembe na mbegu za mtama au uwele. Anafika akiwa amebeba chakula, na kesho yake ana shughuli shambani pamoja na wenzake. Nimeona mama akiupokea mfuko wa unga kabla ya kumpokea mwanawe, kisha akaketi chini akalia.

Asiye na pa kwenda

Wapo. Wazazi wamefariki, ardhi imeuzwa, au kijiji kimekataa katakata. Ukumbi wa parokia si nyumba. Kumlaza pale usiku mmoja ni sawa, mwezi mzima kunazaa ugomvi. Tafuteni chumba kimoja mitaa kama Chang'ombe, Maili Mbili au Nkuhungu. Mwenye nyumba aambiwe ukweli na timu, mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Wenye nyumba wengi watakataa, mmoja atakubali. Ukimficha, atajua baada ya wiki mbili na vyombo vitatolewa nje. Wengi hudai kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, kwa hiyo michango ya jumuiya ianze mapema. Lipeni kodi yote ya kipindi cha kwanza. Kipindi cha pili alipe nusu. Cha tatu alipe mwenyewe. Andikeni hivyo siku ya kwanza, asaini.

Wanaolala nje utawapata kwa chakula. Kikundi chetu hupika Jumamosi jioni, na ndipo tunapokutana na waliotoka gerezani bila sisi kujua. Kwa watu 40 tunapika unga kilo 10, maharage kilo 4 na nusu yaliyolowekwa usiku, na mboga za majani au mlenda. Wali tunapika sikukuu, kilo 6 kwa idadi hiyohiyo. Sahani za kuosha, viti, maji ya kunawa, na wahudumu wanakula pamoja na wageni, kwa sahani za aina ileile. Juni na Julai baridi ya usiku Dodoma ni kali kuliko watu wa pwani wanavyodhani. Miezi hiyo blanketi hutangulia uji.

Msikubali kuwasikia wenzetu wakisema kwamba kuombaomba ni asili ya Mgogo. Watu hawa wanatoka kwenye ardhi kavu ambako mvua ikikosa mara mbili mfululizo, mtu mwenye akili zake hufunga safari kutafuta chakula. Mkanusheni anayesema hivyo, hata akiwa mwenyekiti wenu wa jumuiya.

Kazi

Msiahidi kazi. Ahidini kutafuta pamoja. Wengi wametoka na ujuzi wa useremala, uashi, ushonaji au kilimo waliofundishwa gerezani, ila hawana cheti cha kuuonyesha. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Waulizeni chuo cha VETA Dodoma ratiba na gharama. Vifaa ni bora kuliko fedha taslimu: msumeno na randa, au mwiko na pima maji. Mashamba ya zabibu Hombolo na Mpunguzi huhitaji vibarua wa kupogoa na kuvuna, na ujenzi unaendelea pande nyingi za mji. Mwajiri aambiwe ukweli na mtu mwenyewe, mhudumu akiwa pembeni. Kwa baadaye kuna mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, lakini inataka kikundi kilichosajiliwa, na mtu wa mwezi wa kwanza hahitaji deni.

Baada ya hapo

Pigeni simu siku ya tatu, ya saba na ya thelathini, na mfike kwake siku ya tisini. Siku ya tatu muulize analala wapi. Siku ya saba muulize dawa. Mwezi ukiisha, ongea na mama au mke, peke yake. Yeye atakuambia kama jioni zinaishia kilabuni. Msikopeshane fedha naye binafsi, hata elfu mbili. Maombi yote yaje kwenye timu. Mhudumu mwanamke asiende kwa mwanaume peke yake. Na mhudumu akianza kukasirika haraka au kukosa usingizi, apumzike miezi mitatu bila kuulizwa maswali.

Baadhi watarudi ndani. Kijana wetu mmoja alikaa nje miezi saba, akawa na karakana ndogo ya viti, kisha tukasikia yuko mahabusu. Kwenye timu wengine walisema tumfute kwenye daftari. Jumamosi iliyofuata tulikwenda wawili. Alipotuona aliangalia chini, akasema, "Tumsifu Yesu Kristo," kwa sauti isiyosikika vizuri. Tukaitikia. Tukamuuliza kesi inatajwa lini, tukaiandika tarehe chini ya ile ya zamani, ukurasa uleule.